Mtoto Mwoga Ndiye Afikaye Mwisho wa Hadithi

Huku kwetu Rungwe giza huwahi kuingia. Mvua ikisha kunyesha, ukungu hushuka toka mlimani, hujaa migombani, na ukisimama mlangoni huoni hata zizi la ng'ombe. Saa hiyo watoto hujisogeza karibu na moto jikoni, na mmoja wao husema, "Bibi, tupe hadithi." Ukiwauliza waitaka hadithi gani, watakujibu kwa sauti moja: ya zimwi! Wataka kuogopa, mradi tu mama awe karibu na moto uwe unawaka.

Lakini je, umepata kuangalia ni nani hasa anayekutana na zimwi katika hadithi hizo? Mara nyingi si mfalme, wala jemadari, wala yule kaka mkubwa mwenye kifua kipana. Ni mtoto mdogo. Ni yule wa mwisho kuzaliwa, mnyonge, asiyehesabiwa na mtu. Wenye nguvu hutangulia na kushindwa. Mdogo huja nyuma, moyo ukimdunda, naye ndiye afikaye mwisho wa hadithi. Wazee wetu hawakupanga hivyo bure, na leo napenda tulitazame jambo hili pamoja, kwa sababu lahusu malezi ya watoto wetu.

Kijana wa jikoni

Iko hadithi moja ya Waswahili iliyoandikwa huko Unguja na Askofu Edward Steere, akaichapisha katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Ni hadithi ya Sultani Majnuni. Sultani huyu alikuwa na wana saba, na alikuwa na mtende wake alioupenda sana. Kila mwaka tende zikikaribia kuiva, ndege alikuja akazila zote. Basi wana wakubwa wakaenda kuulinda mtende, kila mmoja kwa zamu yake. Wote sita walishikwa na usingizi, na asubuhi tende hazipo.

Akabaki yule wa saba. Huyo alikuwa akikaa jikoni, na baba yake hakumtumaini kwa lolote. Alipoomba aende naye, Sultani alimdharau: ikiwa kaka zako wameshindwa, utaweza wewe? Akaenda. Na alifanya nini ili asilale? Alichukua mahindi akayachanganya na mchanga. Akawa anatafuna mahindi usiku kucha, na kila alipoanza kusinzia alitafuna mchanga, meno yakamshtua, akaamka. Ndege alipokuja alimkuta macho, akakamatwa.

Baadaye ikaja hatari kubwa kuliko ile. Sultani alikuwa na paka. Paka huyu alianza kukamata vifaranga, kisha mbuzi, kisha ng'ombe. Watu walipokuja kushtaki, Sultani alijibu kwamba paka ni wake na ng'ombe ni wake, basi wasimsumbue. Paka akazidi kukua, akaanza kula watu. Wakashtaki tena, asiwasikilize. Mpaka siku moja yule paka aliwarukia wana wa Sultani mwenyewe, akawaua watatu. Hapo ndipo baba alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mla watu.

Basi yule kijana wa jikoni akaondoka kwenda kumtafuta nunda, mama yake akimlilia asiende. Na hakumpata mara moja. Kwanza aliua mbwa, akamburuta mpaka kwa mama yake akidhani ndiye nunda. Mama akamwambia siye. Akaenda tena, akaua mnyama mwingine mkubwa zaidi. Mama akasema siye. Hivyo hivyo, mnyama baada ya mnyama, hata akafika kwa ndovu, naye siye. Mwishowe alimwona nunda mwenyewe amelala juu ya mlima, akamtambua kwa alama alizoambiwa na mama yake. Akapanda na watu wake kimya kimya, wakapiga bunduki kwa pamoja, kisha wote wakageuka wakakimbia wasitazame nyuma! Siku ya pili ndipo waliporudi kuangalia, wakamkuta nunda amekufa.

Jinsi shujaa alivyo

Ndugu msomaji, hebu tuitazame hadithi hii polepole. Msimulizi angeweza kutuambia kwamba kijana alisimama kifua mbele, akamwua nunda kwa mkono mmoja. Hakusema hivyo. Alitupa shujaa anayejijua kuwa usingizi utamshinda, na kwa hiyo akachukua mchanga. Kaka zake walijiamini, nao walilala. Yule anayejua udhaifu wake ndiye anayejiandaa.

Tena alitupa shujaa anayejifunza kidogo kidogo. Hakuanza na nunda. Alianza na mbwa. Kila mara alirudi kwa mama yake kuuliza, na mama hakumcheka kwa kuleta mbwa akidhani ni nunda. Alimwambia tu, "Siye." Kisha kijana akaenda tena. Nani kati yetu hajamwona mtoto anayejifunza hivyo? Leo athubutu kwenda peke yake mpaka zizini, kesho mpaka mtoni, kesho kutwa mpaka dukani kwa jirani.

Na mwisho alitupa shujaa anayekimbia. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maana yake ni kwamba kwa mtu mwangalifu jamaa hucheka kwa furaha, kwa kuwa amerudi mzima. Bali kwa yule ajitiaye hodari bila akili, watu hukusanyika kulia matanga. Kuogopa si dhambi, wala si aibu. Woga ni mlinzi ambaye Mungu amemweka ndani ya mtu.

Malko na mkate

Hadithi za namna hii si za Waswahili peke yao. Kanisa la kale lilikuwa na hekaya ya Vijana Saba wa Efeso, na kwa karne nyingi waliadhimishwa tarehe 27 Julai. Yasimuliwa kwamba wakati wa Kaisari Decius, aliyetawala toka 249 hata 251, vijana saba Wakristo walikimbia mateso wakajificha pangoni nje ya mji. Wakaogopa, wakasali, wakalala. Kaisari akaamuru mlango wa pango uzibwe kwa mawe.

Walipoamka walidhani wamelala usiku mmoja tu. Njaa ikawauma, wakamtuma mmoja wao, jina lake Malko, aende mjini kununua mkate. Malko alishuka akitetemeka, akihofu askari wa Kaisari. Kufika langoni, aona msalaba juu ya lango! Akaenda lango la pili, aona msalaba tena. Mjini asikia watu wakilitaja jina la Kristo waziwazi. Hakumtambua mtu hata mmoja. Alipotoa fedha yake kumlipa mwoka mikate, watu waliishangaa: sarafu hii ni ya Kaisari wa zamani, umeipata wapi? Wakamshika, wakidhani ameokota hazina ya kale. Kumbe walikuwa wamelala mpaka wakati wa Kaisari Theodosius wa Pili, aliyetawala toka 408 hata 450.

Ndugu zetu Waislamu nao wanayo habari ya vijana wa pangoni. Imo katika Kurani, katika Sura ya 18, iitwayo Sura ya Pango. Basi hii ni hadithi ya kale sana ya mtu kusafiri katika wakati, na msafiri wake ni nani? Ni kijana mwenye hofu aliyetumwa mkate. Hakutumwa kupigana na Kaisari. Alitumwa kazi ndogo ya nyumbani, kama vile sisi tunavyowatuma watoto wetu chumvi na mafuta ya taa. Lakini kwa sababu alikwenda ingawa aliogopa, wenzake waligundua kwamba mateso yamekwisha.

Tom na Charlotte

Katika nchi za wenzetu nako, waandishi wa vitabu vya watoto wameifuata njia hii hii. Mwaka 1958 huko Uingereza mwandishi Philippa Pearce alitoa kitabu kuhusu mtoto aitwaye Tom. Ndugu yake ameugua surua, basi Tom apelekwa kukaa kwa shangazi na mjomba katika nyumba isiyo na mahali pa kuchezea. Usiku asikia saa kubwa ya ukumbini ikigonga mara 13. Ashuka ngazi gizani, afungua mlango wa nyuma, na mbele yake aona bustani kubwa ambayo mchana haipo. Humo akutana na msichana yatima aitwaye Hatty, mpweke kama yeye, aliyeishi zamani sana. Wafika hata kubishana: ni nani kati yetu aliye mzimu, mimi au wewe? Mwisho wa kitabu Tom ajua kwamba yule bibi kizee mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya juu na ambaye yeye hakuwahi kumjali, ndiye Hatty mwenyewe. Kitabu hicho kilipata Nishani ya Carnegie, inayotolewa Uingereza kwa vitabu vya watoto.

Tena mwaka 1969 mwandishi Penelope Farmer alitoa kitabu cha msichana Charlotte. Ni mgeni katika shule ya bweni, hana rafiki. Alala usiku wa kwanza, na aamkapo yuko katika shule ile ile, lakini ni mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza bado havijaisha, na watu wote wamwita Clare. Amekuwa katika nafasi ya msichana mwingine, na huyo ana mdogo wake aitwaye Emily. Charlotte ana hofu kubwa kwamba atasahau yeye ni nani. Lakini yupo Emily wa kumtunza, na kwa kumtunza mdogo yule apata nguvu ya kuendelea. Wazazi mliopeleka watoto bweni mtanielewa. Usiku wa kwanza wa bweni ni safari ya nchi ngeni, na mtoto mnyamavu hujisikia kana kwamba jina lake limebaki nyumbani.

Vijana wa Unyakyusa wa zamani

Sasa turudi kwetu. Kati ya miaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa kati ya Wanyakyusa wakichunguza desturi zao. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Aliandika jinsi wavulana wa Kinyakyusa, walipofika umri wa miaka kumi hivi, walivyoacha kulala nyumbani kwa wazazi. Walijijengea vibanda vyao pembeni mwa kijiji, wakalala huko na wenzao wa rika moja. Chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mchana walilima mashamba ya baba zao.

Fikirini mtoto wa miaka kumi, usiku wa kwanza, mvua inapiga paa la nyasi, na mama yake yuko mbali. Ni nani asiyeogopa? Lakini desturi ile haikumwacha peke yake. Kulia kwake yuko mwenzake, na kushoto yuko mwenzake, nao ni wa umri wake. Wanyakyusa wana neno lao, ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha na kuzungumza vizuri. Wazee walilihesabu jambo hilo kuwa shule ya utu. Woga wa mmoja ulichukuliwa na wote, kama mzigo wa ndizi unavyokuwa mwepesi ukigawanywa.

Vijiji vile vya vijana vimekwisha. Watoto wetu leo hulala nyumbani, au bweni. Lakini swali limebaki pale pale: mtoto akiogopa usiku, ni nani yuko karibu naye?

Mzimu wenye miguu miwili

Hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri, wazazi wapenzi. Mimi ni karani wa parokia, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Wazazi wengi hupita ofisini na watoto wao, na mara nyingi nasikia mzazi akimtaja mwanawe mbele za watu, "Huyu mwoga huyu! Hata nje usiku hathubutu." Watu hucheka. Mtoto huinama. Wengine humtisha mtoto ili anyamaze: zimwi litakuja, litakula. Zimwi limegeuzwa kuwa fimbo.

Lakini angalieni matokeo yake. Mtoto aliyechekwa kwa kuogopa kivuli cha mgomba hujifunza jambo moja: usiwaambie watu wazima unachoogopa. Akishajifunza hivyo, hatachagua tena. Atauficha woga wa kivuli, na atauficha pia woga wa kweli. Siku moja atasema, "Mama, sitaki kupita njia ile," au, "Sitaki kutumwa kwa mtu yule." Akijibiwa, "Acha woga wako, hakuna mzimu," atanyamaza. Na huenda anayemwogopa si mzimu kabisa. Huenda ni mtu mwenye miguu miwili, anayejulikana na kuheshimiwa kijijini, anayetaka kumharibu mtoto.

Mkumbukeni Sultani Majnuni. Watu walimwambia habari za paka mapema, wakati alipokuwa bado anakula vifaranga. Hakuwasikiliza, kwa kuwa paka alikuwa ni wake. Alisikia pale tu walipokufa wanawe. Nunda huanza akiwa mdogo, ndani ya nyumba, naye hulindwa na kiburi cha wakubwa. Mtoto mwoga ndiye mara nyingi anayemwona wa kwanza.

Kwa hiyo mtoto akisema naogopa, usimjibu kwanza, muulize. Waogopa nini? Wapi? Saa ngapi? Nani alikuwapo? Ikiwa ni kivuli cha mgomba, chukua taa, mshike mkono, mwende pamoja mkautazame mgomba. Ikiwa ni mtu, basi usinyamaze kwa kuona haya wala kwa kulinda jina la ukoo. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Iko pia namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, ambayo hailipiwi.

Namna ya kusimulia

Je, tuache hadithi za mazimwi? La hasha. Mtoto asiyesimuliwa hadithi ya kutisha huogopa vile vile, lakini huogopa bila kujua njia ya kutokea. Hadithi njema humwonyesha njia hiyo. Yafaa tu tuzisimulie vizuri.

Kwanza, usiikate hadithi mahali pa kutisha ukawaambia watoto waende kulala. Ifikishe mwisho, zimwi life na mtoto arudi kwa mama yake. Hadithi iliyokatwa humfuata mtoto kitandani. Pili, mweke ndani ya hadithi mtoto anayeogopa, wala usione haya kusema kwamba alitetemeka. Yule mwanao mnyamavu aliyekaa nyuma ya wenzake atainua macho, maana amejisikia ametajwa. Tatu, mpe mtoto huyo kitu kidogo cha kumsaidia: mchanga wa kutafuna, mdogo wake wa kumtunza, mama wa kumwuliza. Nne, usimtaje mtoto wako kwa jina ukimfananisha na mwoga wa hadithi. Mwache ajifananishe mwenyewe.

Wala msiseme hatuna hadithi za kwetu. Tunayo maziwa ya milimani, Ngosi na Kisiba, na Daraja la Mungu kule mto Kiwira. Pale Masoko karibu na Kisiba yamesimama majengo ya mawe ya askari wa Kijerumani, na watu husimulia habari za sarafu za kale katika ziwa lile. Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, mpaka Waingereza walipoitwaa Mei 1916. Basi mwambie mwanao: palikuwa na mtoto mmoja wa Masoko, mwoga, aliyetumwa kuteka maji jioni. Aliokota sarafu yenye maandishi asiyoyajua. Alipoinua macho, njia ilikuwa ile ile, lakini nyumba hazikuwa zile, na kwa mbali alisikia tarumbeta ya askari...

Kisha nyamaza kidogo, umwulize mtoto mwenyewe: angefanya nini? Sikiliza jibu lake. Humo ndani ya jibu utasikia anachokiogopa na anachokitumaini, na pengine utasikia jambo ambalo mchana asingekuambia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Basi na tuyajue mazimwi ya watoto wetu mapema, kabla hayajakua.